Matokeo ya Udiwani England Yasomwe Kuanzia Katani

Halmashauri nyingi za wilaya nchini England zina kata zinazochagua madiwani wawili au watatu siku moja, kwa karatasi moja. Hapo kuhesabu kura si kazi ya kupanga mafungu tu. Mtu anaweza kutia alama moja kwa mgombea wa Chama cha Kijani na ya pili kwa mgombea wa Conservative, na karatasi moja haiwezi kukaa kwenye mafungu mawili. Njia mojawapo ni kuzibandika karatasi hizo za mseto juu ya karatasi pana, zikipishana kama makuti ya paa, hadi vibaki kuonekana visanduku vya alama peke yake. Karani anasoma, mwenzake anapiga vistari. Ng'ambo ya meza wamesimama mawakala wa vyama, ambao hawaruhusiwi kugusa chochote, wakikodoa macho na kuandika vistari vyao wenyewe.

Wanachokiona mawakala hao ni kitu ambacho jedwali la matokeo hukificha. Wanaona mtu mmoja akiwapa kura vyama viwili vinavyopingana bungeni, kwa sababu wagombea wote wawili anawafahamu.

Kila mwaka, kwa kawaida Alhamisi ya kwanza ya Mei, sehemu fulani ya England hupiga kura za udiwani. Kufikia Ijumaa mchana vyombo vya habari vya London vimeshatoa hukumu: Waziri Mkuu ameponea chupuchupu, au kiti chake kimeanza kuyumba. Nionavyo mimi, kusoma hivyo ni kuanza kitabu kwenye ukurasa wa mwisho. Uchaguzi wa halmashauri ya wilaya ni uamuzi wa kata kuhusu mambo ya mlangoni, na wanaoamuliwa ni watu wanaojulikana kwa sura. Hali ya nchi imo ndani yake, ndiyo, kama chumvi ilivyomo kwenye mchuzi. Lakini anayetaka kuyaelewa matokeo sharti aanzie chini.

Nikitaja England nakusudia England yenyewe, si Uingereza nzima, maana Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Mfumo wa ngazi mbili ulianza kazi tarehe 1 Aprili 1974, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1972. Juu kuna baraza la kaunti, linaloshika shule, barabara, maktaba na matunzo ya wazee. Chini kuna halmashauri ya wilaya: inazoa taka, inatoa vibali vya ujenzi, inashughulikia wasio na makazi, inakagua usafi wa migahawa, inatunza daftari la wapiga kura. Baada ya Aprili 2023 zilibaki halmashauri za namna hii 164. Baadhi huitwa borough, lakini hilo ni jina la heshima tu, kazi ni zilezile. Miji mikubwa na maeneo mengine kadhaa yana mamlaka moja inayofanya yote.

Ankara ya kodi ya halmashauri hutumwa na wilaya, kwa kuwa wilaya ndiyo inayokusanya. Fedha zenyewe nyingi huenda kaunti, fungu jingine huenda polisi, na wilaya hubaki na sehemu ndogo. Ndiyo maana diwani wa wilaya hulaumiwa kwa mashimo ya barabarani yasiyomhusu, na wapiga kura wengi huingia kituoni bila kujua hasa wanamchagua mtu wa kufanya nini. Sioni aibu ya mpiga kura hapo. Aliyepanga ngazi hizi ndiye wa kuulizwa.

Sasa tuchukue Mei 4, 2023. Siku hiyo ziligombewa nafasi zaidi ya 8,000 katika halmashauri 230, nyingi zikiwa za wilaya. Conservative, waliokuwa wakitawala chini ya Rishi Sunak, walipoteza madiwani zaidi ya 1,000. Labour waliongeza zaidi ya 500, Liberal Democrats zaidi ya 400, Chama cha Kijani zaidi ya 200. Labour wakawa chama chenye madiwani wengi kuliko vyote, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu 2002.

Namba ya hasara haisemi kitu mpaka ujue ilianza kuhesabiwa wapi. Nafasi nyingi kati ya hizo zilikuwa zimegombewa mara ya mwisho Mei 2019, Waziri Mkuu Theresa May akiwa amekwama na suala la kujitoa Umoja wa Ulaya, na Conservative walipoteza madiwani zaidi ya 1,300 siku ile. Chama kilichoporomoka hivyo hutarajiwa kurudisha angalau kidogo miaka minne baadaye. Hiki kilizidi kuporomoka. Kabla ya siku ya kura mwenyekiti wao, Greg Hands, alikuwa akitaja hasara ya 1,000 hadharani. Ni desturi ya vyama vyote kutangaza hasara kubwa mapema ili ndogo ikitokea ionekane nafuu. Safari hii hasara yenyewe ikaipita ile iliyotangazwa.

Wataalamu, akiwemo John Curtice ambaye watazamaji wa BBC wamemzoea, huyageuza matokeo haya kuwa makadirio ya kitaifa: laiti nchi nzima ingepiga kura kwa mwelekeo wa kata hizi, kila chama kingepata asilimia ngapi? Mwaka 2023 jibu lilikuwa Labour 35, Conservative 26, Liberal Democrats 20. Miezi 14 baadaye ukaja uchaguzi mkuu wa Julai 2024. Labour walipata takriban asilimia 34, Conservative 24, Liberal Democrats 12. Kwa vyama viwili vya kwanza makadirio yalikaribia sana. Kwa cha tatu yalikosea kwa mbali, na kosa hilo ndilo linalofundisha. Wapo watu wengi wanaompa diwani wa Liberal Democrats kura ya kata bila kusita, halafu siku ya ubunge wanapiga kwingine. Hata hivyo chama hicho, kwa asilimia 12 tu, kilipata wabunge 72, kwa sababu kura zake zilikuwa zimerundikana, na nyingi zilirundikana mahali ambapo madiwani wake walikuwa wamefanya kazi ya miaka mingi ya kugonga milango. Asilimia ya kitaifa haikuonyesha rundo hilo. Ramani ya kata ilikuwa imeshalionyesha.

Kwangu mimi, wilaya iliyobeba funzo zito kuliko zote mwaka ule ni Mid Suffolk. Iko mashariki ya England, nchi ya mashamba ya ngano na shayiri, vijiji vyenye makanisa ya mawe, na miji midogo ya Stowmarket, Needham Market na Eye. Wakazi wake ni kama 100,000 na ushei, madiwani 34. Mei 2023 Chama cha Kijani kilipata madiwani 24, Conservative 6, Liberal Democrats 4. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Chama cha Kijani kushika halmashauri ya England kwa wingi wa viti vyake chenyewe. Brighton chama hicho kiliwahi kuongoza, mara ya kwanza mwaka 2011, lakini bila wingi huo.

Habari hiyo ilitangazwa kama radi iliyopiga mchana wa jua. Lakini wingu lilikuwepo. Mwaka 2019 wilaya hiyohiyo ilitoa Conservative 16, Kijani 12, Liberal Democrats 5 na diwani mmoja asiye na chama, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wingi. Waliofika 24 walikuwa wameshapanda nusu ya mlima miaka minne kabla. Na mlima wenyewe ukiupima si mrefu kama unavyoonekana kutoka London. Gawanya watu 100,000 kwa madiwani 34, unapata kama watu 3,000 kwa kila diwani. Ondoa watoto, wabaki tuseme 2,400. Wakijitokeza wanne katika kila kumi, kura zote za kata hazifiki 1,000, na mwenye kura 500 ameshinda. Kura 500 zinatafutwa kwa miguu. Mgombea anayeanza kubisha hodi mwaka mmoja mapema, jioni mbili kwa wiki, anaweza kuongea na kila kaya. Mabango ya barabarani na hotuba za viongozi wa kitaifa hazina ubavu mbele ya mtu aliyekuja mlangoni kwako mara tatu na kukuandikia kwa niaba yako kuhusu mfereji ulioziba.

Kuna na jambo la pili, ambalo wachambuzi wa mjini hulipita haraka. Watu wa mashamba ya Suffolk hawakuamka wameacha imani zao. Mtu anayependa ua wa miti unaotenganisha mashamba, mto usio na uchafu na njia ya zamani ya kupita kwa miguu, anaweza kuwa amepigia Conservative maisha yake yote na asione ugeni wowote kumpa kura jirani wa Kijani anayeongea lugha hiyohiyo ya kulinda ardhi. Na waliozoea kupigia Labour au Liberal Democrats walikuwa wameshaona mwaka 2019 nani mwenye nguvu ya kumwondoa aliyekuwepo. Vijito hivyo vikakutana kwenye kisanduku kimoja.

Baada ya kushinda ndipo mipaka ya madaraka hujitokeza. Kampuni ya National Grid inapanga njia ya umeme wa msongo mkubwa kutoka Norwich hadi Tilbury, sehemu kubwa ikiwa juu ya minara ya chuma, ikipita mashamba ya Suffolk. Umeme huo unahitajika kwa sababu ya mitambo ya upepo iliyojengwa baharini, yaani nishati safi ambayo Chama cha Kijani kinaidai kila siku. Wananchi wa vijiji hawataki minara. Adrian Ramsay, kiongozi mwenza wa chama hicho wakati ule, aliposhinda ubunge wa Waveney Valley Julai 2024, jimbo linalokata Norfolk na Suffolk, alianza kazi kwa kutaka njia mbadala zichunguzwe kwanza, na akashambuliwa kwamba anaukataa umeme aliouhubiri. Nadhani washambuliaji walikuwa na hoja, na wanavijiji walikuwa na hoja pia. Ila halmashauri ya wilaya, hata ikiwa na madiwani 24 kati ya 34, haiamui. Chini ya Sheria ya Mipango ya 2008, mradi wa ukubwa huo huamuliwa na waziri. Diwani anaweza kuandika pingamizi, kuajiri mtaalamu, kusimama kwenye kikao cha ukaguzi. Basi.

Mambo mengine ya Mid Suffolk yanaonyesha udogo wa chombo kilichoshindaniwa. Ofisi zake kuu zilihamia Ipswich mwaka 2017, nje kabisa ya mipaka ya wilaya, katika jengo moja na halmashauri jirani ya Babergh, na watumishi wa halmashauri hizo mbili ni wamoja. Wananchi huchagua mabaraza mawili yenye rangi tofauti, kisha maofisa walewale hutekeleza maamuzi ya pande zote mbili.

Woking, katika kaunti ya Surrey kusini-magharibi ya London, ina habari nyingine, nayo ni ya uchungu. Huu ni mji wa watu kama 100,000, unaojulikana na Waislamu wengi kwa msikiti wake wa Shah Jahan uliojengwa 1889, wa kwanza Uingereza kujengwa mahsusi kwa kazi hiyo. Halmashauri yake, ikiwa mikononi mwa Conservative, ilikopa fedha nyingi mno kujenga na kununua majengo, yakiwemo maghorofa marefu na hoteli katikati ya mji. Liberal Democrats walichukua uongozi Mei 2022. Juni 2023 mkuu wa fedha alitoa notisi ya kifungu cha 114, ambayo kwa lugha ya nyumbani maana yake ni kwamba halmashauri imeishiwa na haiwezi kupanga matumizi mapya yasiyolazimishwa na sheria. Pengo lilikadiriwa kufikia pauni bilioni 1.2, kwa halmashauri yenye bajeti ya msingi ya pauni milioni 16 kwa mwaka.

Woking ilikuwa ikichagua theluthi ya madiwani wake kila mara, miaka mitatu katika kila minne. Utaratibu huo huzuia halmashauri kupinduka kwa hasira ya siku moja, lakini pia huchelewesha hukumu. Mwenye kura hakuweza kuwaondoa wote kwa mpigo, ikabidi awapunguze mwaka hadi mwaka. Mei 2024 ikafika zamu ya waliosalia: Liberal Democrats walikuwa na madiwani 24 kati ya 30, wasio na chama 5, Labour 1, Conservative hakuna hata mmoja. Mwaka huohuo mkazi alikuwa ameshapandishiwa kodi ya halmashauri kwa takriban asilimia 10, kwa ruhusa maalumu ya serikali. Hapa ndipo ninapokosa utulivu. Mikopo ilipitishwa ukumbini miaka ya nyuma, uchaguzi baada ya uchaguzi ukapita, na gazeti gani la kitaifa liliutazama mji huo? Kura ilifanya kazi yake, ila iliwafikia waliohusika baada ya deni kumfikia mwananchi.

Conservative kubaki bila kiti Woking hakumaanishi kwamba hawakuwa na wapiga kura. Walikuwa nao. England bado inatumia utaratibu wa anayeongoza, hata kwa kura moja, kuchukua kiti, na kwenye kata za madiwani watatu chama kilichoongoza kidogo kinaweza kuzoa vyote vitatu. London, mwaka 2022, Labour walipata viti vyote 54 vya Lewisham. Baraza lisilo na mpinzani hata mmoja ni baraza lisiloulizwa maswali, chama chochote kiwe ndicho kilichojaa humo. Scotland waliacha utaratibu huo mwaka 2007 kwa udiwani, sasa mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba 1, 2, 3, na viti hugawanyika karibu na uzito wa kura. Ireland ya Kaskazini wanafanya hivyo tangu 1973. Sijasikia sababu yoyote inayoniridhisha kwa nini England isifuate.

Na hiyo kura moja si maneno ya kutisha watoto. Mei 2017, kwenye kata ya South Blyth huko Northumberland, mgombea wa Liberal Democrats na wa Conservative walifungana kwa kura 356 kila mmoja. Sheria inasema msimamizi aamue kwa bahati nasibu, wakavuta vijiti. Liberal Democrats wakapata, na Conservative wakaishia viti 33 kati ya 67, pungufu ya kimoja tu kuwa na wingi katika baraza zima. Mtu mmoja aliyebaki nyumbani jioni ile kwa sababu ya mvua angeweza kuwapa wingi huo.

Wanaobaki nyumbani ndio wengi. Kwenye uchaguzi wa udiwani hujitokeza takriban theluthi moja ya walioandikishwa. Mwaka 2023 pia ulikuwa wa kwanza kwa England nzima kudai kitambulisho chenye picha, chini ya Sheria ya Uchaguzi ya 2022, na Tume ya Uchaguzi ilikadiria kwamba watu kama 14,000 waliofika kituoni walirudishwa na hawakuja tena. Ukikumbuka South Blyth, 14,000 ni wengi.

Hapa linaingia jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili walioko England wanapaswa kulijua, na nasikitika kwamba wengi hawaambiwi. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye kibali halali cha kukaa Uingereza wana haki ya kupiga kura, ya udiwani na hata ya ubunge, bila kuchukua uraia. Mtanzania, Mkenya na Mganda wamo. Mnyarwanda amo, kwa kuwa Rwanda ilijiunga 2009. Hata aliye kwenye viza ya masomo amo, mradi awe ametimiza miaka 18 na jina lake liwe kwenye daftari. Pasipoti ya Kenya au Tanzania inakubaliwa kituoni kama kitambulisho, na hata ikiwa imeisha muda inakubaliwa alimradi sura iliyomo bado ni yako. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza hata kugombea. Kinyume chake, Mkongo na Mrundi wanaoishi mtaa huohuo Leeds au Coventry hawana kura, maana nchi zao hazimo kwenye Jumuiya. Wangekuwa Glasgow wangepiga: Scotland iliwafungulia mlango wakaazi halali wa mataifa yote kwa sheria ya 2020. Watu wawili wanaosalimiana kwa "habari za asubuhi" kwenye kituo kimoja cha basi, wanaolipa kodi ileile ya halmashauri, mmoja anahesabiwa na mwingine hahesabiwi. Naliona ni kosa.

Kata ya watu 3,000 inayoamuliwa kwa kura 500 ni kata ambayo familia 30 za Waswahili zinaweza kuipindua. Sizungumzii kupigia chama fulani. Nazungumzia nyumba za halmashauri zenye ukungu ukutani, kibali cha kubadilisha ghala kuwa msikiti au kanisa, leseni ya teksi, leseni ya kibanda cha chakula. Yote hayo hupita mikononi mwa wilaya, au mwa mamlaka moja mahali ambapo hakuna wilaya.

Na wilaya zenyewe zinaondoka. Desemba 2024 serikali ya Labour ilitangaza mpango wa kufuta ngazi mbili kote England na kuweka mamlaka moja moja kubwa, zenye watu kama 500,000 au zaidi kwa kipimo cha jumla. Cumbria, North Yorkshire na Somerset zilishatangulia Aprili 2023. Kwa ajili ya mpango huo chaguzi za Mei 2025 ziliahirishwa katika maeneo tisa, Suffolk na Surrey yakiwemo. Oktoba 2025 ikatangazwa kwamba Surrey itakuwa na mamlaka mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, kuanzia Aprili 2027, na serikali itabeba pauni milioni 500 za deni la Woking. Watetezi wanasema akiba itapatikana na mwananchi atajua mlango mmoja wa kugonga. Kuhusu mlango mmoja nakubaliana nao. Lakini diwani wa mamlaka ya watu nusu milioni atabeba watu wengi zaidi ya 3,000, na mgombea wa kutembea kwa miguu jioni mbili kwa wiki hatawamaliza. Kile kilichowezekana Mid Suffolk mwaka 2023 kilihitaji kata ndogo.

Kwa ratiba ya kawaida Mid Suffolk wangepiga kura tena Mei 2027. Kwa sasa daftari bado liko kwa wilaya, na kati ya Julai na Novemba kila kaya hupata barua yenye majina ya wanaodhaniwa kuishi humo. Jina lako likikosekana, unaweza kujiandikisha mtandaoni kwa dakika chache, na penye kisanduku cha uraia unaandika Tanzania, au Kenya, au Uganda, au Rwanda.